Hotpoti ya Ijumaa

Mume wangu alikaa gerezani miaka sita, na kila Ijumaa nilimpelekea ndizi za kuchemsha na mchicha usio na pilipili, maana tumbo lake lina vidonda na daktari alimwandikia ruhusa ya kuletewa chakula. Nilikuwa nawasha jiko kabla ya adhana ya alfajiri, naiacha cherehani yangu hapa Gitega imefunikwa, napanda mabasi mawili.

Kisha wakamwachilia. Alhamdulillahi! Lakini mtu niliyerudishiwa alikuwa anasimama mlangoni na kuniuliza, "Naweza kwenda chooni?" Mwanamume aliyekuwa akibishana na mtaa mzima juu ya mpira! Wiki tatu hakuvuka geti. Mara nilipandwa na hasira, mara huruma, lakini zaidi niliogopa kwamba hatarudi kamwe kuwa yule niliyeolewa naye.

"Baba, hapa hakuna askari," nikamwambia. "Toka, kasalimie watu."

"Sawa," akajibu, akakaa palepale.

Ijumaa ya nne nikaamka, nikapika, nikajaza hotpoti, nikapanda mabasi yangu mawili. Nilikuwa nimeshasogea karibu na mlango wa gereza pale mwenzangu wa foleni, anayemletea mama yake uji, aliponishika mkono.

"Wewe! Wako si alitoka?"

Yarabi! Mume yuko nyumbani na njaa, mimi nampelekea chakula jela! Foleni nzima iliangua kicheko, nami nikacheka mpaka nikalia. Miaka sita si mchezo, dada yangu. Miguu ilijipeleka yenyewe. Nikageuza na hotpoti yangu.

Niliposhuka basi la pili nilimwona huku juu, mwanzo wa barabara yetu ya mawe, kandambili miguuni, akimuuliza muuza maparachichi kama ameniona nikipita. Nilifurahi, nikaharakisha kumfikia. Alipoiona hotpoti alielewa yote, akacheka kile kicheko chake cha zamani kilichokuwa kikiwakera majirani.

"Kwa hiyo hukunikuta kule jela?"

"Nyamaza! Na wewe, nani amekuruhusu kutoka?"

Akageuka, akalitazama geti letu kule chini, wazi kama alivyoliacha. Kicheko kikamkauka kidogo.

"Sijamwomba mtu," akasema polepole, akanipokea hotpoti.