Visiki Vilivyogeuzwa Mizizi Juu

"Andika upya," Katibu wa kamati ya ugawaji aliniambia. "Jina la baba yako lipeleke kwenye karatasi ya wageni."

Nikaweka kalamu mezani. Mwanangu alikuwa mgongoni, amelala, jasho lake limelowesha kanga yangu. Wiki nzima nilikuwa nawaandikia majina ya watakaopewa mashamba, maana mimi ndiye niliyesoma sekondari na mwandiko wangu unasomeka. Hapo nikachoka nao.

"Baba amekata mkonge hapa kabla wewe hujaota ndevu," nikamwambia. "Mgeni nani?"

"Binti, punguza sauti," akasema Mwenyekiti wa kijiji. "Unaongea na wakubwa."

"Shikamooni basi."

Wakacheka. Mimi sikucheka.

Baba, ambaye sasa ni marehemu, aliletwa Korogwe kwa treni akiwa kijana, manamba, yaani kibarua wa mkataba, kutoka Kigoma, na hakurudi tena kwao. Mama yangu, Mzigua wa Sindeni, alimkuta kwenye kambi ya wakata mkonge. Mimi nilizaliwa humo humo. Serikali ilipolitwaa shamba hilo la mkonge kutoka kwa mzungu ikatangaza kwamba upande uliotelekezwa watagawiwa wakulima wa kijiji. Baba alimwomba Mwenyekiti ekari moja aanze kuisafisha. Mwenyekiti akamwambia, "Safisha tu, mzee, ni yako." Kwa mdomo. Mimi nilikuwepo, na sikumwambia baba adai karatasi. Hilo bado linaniuma.

Asiyewahi kung'oa mkonge hudhani ukishaukata umemaliza. Kisiki kinabaki ardhini kama nanasi kubwa. Ukikichoma hakiungui. Ukikilaza ubavu kinachipua. Lazima ukizungushie sururu, ukitoe chote, ukigeuze mizizi juu jua liikaushe. Baba alifanya hivyo kisiki kimoja kimoja, viangazi viwili. Utomvu ulimla mikono hadi ngozi ikapasuka, nikawa namkatia ugali matonge kama ninavyomkatia mwanangu. Nikimpelekea maji ananionyesha kisiki: "Hiki kilikuwa na kiburi kama meneja." Tunacheka.

Kisha kamati ikaja na kamba na vigingi. Wakasema wote ni sawa, kila mtu ataokota kikaratasi chenye namba ya shamba lake. Wote, isipokuwa watu wa kambini, waliowaita wageni, ambao watapewa kitakachobaki. Ekari ya baba, safi, tayari kwa mahindi, ikaangukia kwa shemeji yake Katibu. Kilichobaki kilikuwa bondeni, mkonge mtupu umesimama.

Siku ile nilipoweka kalamu na kutoka kwenye kikao, nilimkuta baba kibarazani. Nilimweleza yote. Akaitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama tena.

"Waache, mwanangu. Nitaanza upya."

Afadhali angelia. Kuanza upya kwa mikono ipi?

"Usiende kwa wakubwa," akaongeza. "Watakuonea na wewe."

Asubuhi yake nilimfunga mtoto mgongoni nikapanda lori la mkonge hadi wilayani. Karani alisoma barua yangu, akainua macho.

"Dada, umeandika kwa hasira."

"Ndiyo. Gonga muhuri."

Akagonga. Nakala yake ninayo hadi leo:

"Ndugu Mkuu wa Wilaya. Ninalalamikia kamati ya ugawaji ya kijiji chetu. Baba yangu alisafisha ekari moja kwa ruhusa ya Mwenyekiti, na sasa ekari hiyo amepewa mtu ambaye hajang'oa hata kisiki kimoja. Kamati inamwita baba mgeni. Orodha ya wageni walitaka niiandike mimi, na nimekataa. Siombi shamba jipya. Naomba ekari ile isilimwe na mtu mwingine mpaka mje wenyewe kuiona, kabla mvua za vuli hazijaanza. Visiki alivyong'oa vipo pembeni, vyote mizizi juu. Mviangalie, kisha mwombeni baba awaonyeshe mikono yake."