Mteja Anayesubiri

Dada yangu wanamwita Mama Fomu. Mwaka wa kumi na mbili huu amekaa mbele ya ofisi ya ardhi na meza yake, mwavuli na kompyuta, akiwajazia watu fomu zisizojazika. Mimi nipo meza ya pili, nauza bahasha na kutoa fotokopi. Yeye ndiye mwenye mdomo. Mimi nimezaliwa na aibu, na watu wamezoea kunipita kwenye foleni.

Asubuhi ile alikuja mzee mmoja, fundi viatu mstaafu, na barua aliyoikunja mara nne. Jirani yake alikuwa ameombea hati kiwanja cha mzee huyo, na pingamizi lilitakiwa liingie kwenye mfumo wa ofisi, kwa mtandao tu, kabla ya saa sita mchana. Likichelewa, kiwanja kinakwenda kwa jirani, pamoja na nyumba iliyo juu yake. Dada akachapa, akaskani karatasi zote tano, akawasha hotspoti kwenye simu ili kompyuta ipate intaneti, kama siku zote. Badala ya mfumo kufunguka, simu ikaleta ujumbe wa kampuni ya simu: laini yako imeingizwa kwenye utaratibu mpya, kugawa intaneti kwa kifaa kingine kuna ada yake, mbali na bando. Bonyeza moja ukubali.

"Dada, bonyeza tu yaishe," nilisema. "Saa tano hii."

"Bando nimelinunua, ni langu. Muuza maji akishaniuzia ndoo, ananifuata nyumbani kuhesabu vikombe?" Akaifunga kompyuta, akaibana kwapani. "Mzee wangu, unaweza kutembea?"

"Kwa nyumba yangu, mwanangu, hata kukimbia nitakimbia."

Duka la kampuni hiyo ya simu liko ng'ambo ya barabara, nami nikawafuata. Mlangoni wamebandika bango: intaneti ya bure kwa mteja anayesubiri huduma. Dada akachukua tikiti ya foleni, akakaa, akafungua kompyuta mapajani na kuanza kupakia karatasi za mzee kwa intaneti ya haohao. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Namba yake ilipoitwa, akamgeukia mama mjamzito aliyekaa pembeni. "Tangulia wewe, mimi sina haraka." Wakabadilishana tikiti. Alifanya hivyo mara tatu, kwa watu watatu, mpaka mlinzi akaanza kumtupia jicho na meneja akatoka ofisini.

"Mama, intaneti hii ni ya wanaosubiri."

"Nasubiri," dada alisema bila kuinua macho.

"Namba yako ikiitwa tena, uhudumiwe au utoke."

Saa sita kasoro dakika kumi ikaitwa. Karatasi ya nne ndiyo kwanza ilikuwa inapanda. Meneja alisimama palepale, amekunja mikono. Mzee alikuwa ameshika magoti yake yote mawili, macho kwenye kompyuta.

Sijui nilipandwa na nini. Niliichomoa tikiti vidoleni mwa dada, nikaenda kaunta.

"Nikusaidie nini?" karani aliuliza.

Hapo nikasema jambo ambalo hata dada sikuwahi kumwambia: kwamba laini yangu iliingizwa mapema kwenye utaratibu wao, na miezi mitatu nimekuwa nikibonyeza moja na kunyamaza. Nilikuwa naona aibu kuuliza.

"Sasa nauliza," nilisema. "Nioneshe kwenye mkataba mahali niliposema bando langu nitalilipia mara mbili. Usome kwa sauti, tangu mwanzo."

"Mama, hilo uandike barua," meneja aliingilia, akimwacha dada na kompyuta yake.

"Nitaandika. Kwanza asome. Namba yangu ndiyo iliyoitwa."

Karani akaanza kusoma. Sauti yake ilikuwa ya chini, nikamwomba aongeze, na waliokaa kwenye viti wakageuka kumsikiliza. Alikuwa bado kwenye vifungu vya mwanzo niliposikia mzee nyuma yangu akisema, "Imepokelewa." Akarudia, huku analia: "Wameandika imepokelewa."

Dada akaja kunigusa bega. "Twende, mdogo wangu. Imeingia."

"Tangulieni," nilimwambia. "Mimi sijamaliza." Nikamgeukia karani. "Ehe, endelea. Ulifika kifungu cha ngapi?"