Vitone Vyekundu vya Chawia

Dakika moja, mashine iliyoko Ujerumani huliuliza duka letu la Chawia kama lipo. Dakika inayofuata huuliza nyingine kutoka Singapuri, kisha nyingine kutoka Brazili, halafu zamu huanza upya. Duka likijibu, kitone chake kwenye skrini yangu hapa Voi hubaki kijani. Lisipojibu, kitone hugeuka chekundu na simu yangu hutetemeka. Ni huduma ya mtandaoni tunayoilipia kila mwezi, kama watu wanavyolipia televisheni, na wenzangu wa kazi hizi hawaoni ajabu yoyote. Mimi naiona. Wiki ya kwanza nilikaa mbele ya skrini ile mpaka chai ikapoa mkononi, nikishangaa kwamba Chawia, mahali ambapo madereva wa Voi wenyewe huuliza njia, inajuliwa hali kutoka pande zote za dunia. Mimi niliyezaliwa kule nilikuwa nampigia mama yangu simu Jumapili tu.

Bosi wetu ana duka la pembejeo na dawa za mifugo, kubwa hapa Voi, na matawi matatu: Marungu, Sagalla na Chawia. Kila duka, pamoja na hili la Voi, lina kompyuta yake na friji ya chanjo ya kuku. Kazi yangu ni kuhakikisha mashine zote zinafanya kazi. Dukani waliniita injinia, nusu kwa heshima, nusu kwa utani. "Injinia, vitone vyako vimeamkaje leo?"

Marungu ikipotea, nilijua stima imekatika. Sagalla ikipotea, nilijua ni upepo. Chawia ndiyo iliyonishinda. Stima ya mlimani ilikuwepo, mtandao ulikuwepo, lakini duka lilizimika ghafla mchana kweupe, dakika nane au kumi, kisha likarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilimpigia mama anayeuza huko.

"Nilizima kidogo, mwanangu. Sasa imerudi."

"Kwa nini ulizima?"

"Ilibidi."

Ilibidi! Mimi hasira zangu ziko karibu, hazina haja ya kuitwa mara mbili. Kando ya kila kitone chekundu huduma ile huweka kisanduku kinachouliza sababu. Nikaandika: Uzembe. Siku nyingine ikazimika tena, nikaandika tena. Niliandika neno hilo mara nyingi, mpaka vidole vikalizoea.

Kila mwisho wa mwezi huduma hutuma ripoti, na bosi huisoma. Alianza kushuku kwamba mama yule hufunga duka akaenda zake shambani. "Na friji yangu je?" aliniuliza. "Chanjo iharibike, kuku wa watu wafe, nani atatuamini tena?" Akaandika barua ya kumwachisha kazi, na kwa kuwa nilikuwa napanda kukagua mashine, akanipa mimi niipeleke. Mama yule ni mjane, na duka lile ndilo lililokuwa likimlisha. Nilijua hivyo, na bado niliipokea barua ile kwa moyo mweupe. Afadhali niseme kweli: nilifurahi.

Nilifika siku ya Ijumaa kwa pikipiki kutoka Mwatate, ukungu ukiwa bado kwenye migomba. Duka lilikuwa safi kuliko letu la Voi. Daftari la friji lilijazwa joto lake asubuhi na jioni, bila kuruka siku. Mama alinikaribisha kwa ndizi mbivu na kuniuliza hali ya mama yangu, ambaye nyumba yake iko huko juu kidogo tu. Mkono wangu ulikuwa tayari ndani ya mkoba, umeishika barua, tuliposikia watu wakiimba kutoka chini ya barabara.

Mama aliinuka, akazima redio, akavuta ubawa mmoja wa mlango. Alichukua blanketi lililokuwa limekunjwa juu ya rafu, akaifunika friji. Kisha akanyoosha mkono ukutani, akaishusha swichi kubwa. Kompyuta ikanyamaza, friji ikanyamaza, na mama akaenda kusimama mlangoni, mikono ameikunja tumboni.

Jeneza lilipita mabegani mwa wanaume, maana kutoka hapo kwenda juu gari halifiki. Nikasimama nami. Waombolezaji walikuwa wengi, na kabla ya wa mwisho kupita simu ikatetemeka mkononi mwangu. Nikaitazama. Ilisema: Chawia haijibu.

Nilikuwa Chawia. Nilikuwa nimesimama ndani ya duka lile lile. Habari za mahali nilipotia miguu zilikwenda Ujerumani zikanirudia, na nyimbo za mazishi zilikuwa bado hazijapita mlangoni. Nikaogopa, sijui niliogopa nini.

Walipokwisha kupita, mama aliipandisha swichi.

"Mama, hivi ndivyo unavyofanya kila mara?"

"Sasa nifanye aje? Redio tunazima wote hapa, hata wewe unajua. Na hiyo mashine yako hainyamazi, inanguruma tu na kupepesa taa. Mtu anapita mara ya mwisho, mwanangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza na hasira. Mambo ya msiba haisemwi hivyo."

Ni kweli nilijua. Tulipokuwa wadogo mama yangu alituinua hata kwenye chakula jeneza lilipopita, na ole wake aliyecheka. Nilikwenda mjini, nikasoma kompyuta, nikasahau kusimama. Hasira hasara, na hasara hii ilikaribia kumwangukia asiye na kosa.

Nilifungua chati ya Chawia kwenye simu, nikampa aione. Alivaa miwani. Nilimsomea tarehe, naye akawa anaitikia bila kufikiri. "Hiyo ni mwalimu wa nasari. Hiyo, fundi viatu wa hapo chini. Hizi mbili za siku moja ni mzee na bibi yake, walifuatana." Hakuna hata kitone kimoja kilichomshinda. Nilikuwa nimekaa miezi yote nikiyatazama mazishi ya watu wa kwetu, baadhi yao walionibeba mgongoni, nami nikiandika uzembe.

"Kumbe wanaandikwa?" aliuliza.

"Wanaandikwa, mama. Ng'ambo huko."

"Na wanajua ni watu?"

"Hapana. Wanaona tu duka halikujibu."

Alivua miwani. "Si haba," akasema. "Wameona."

Barua ilirudi Voi ndani ya mkoba. Nilimweleza bosi yote. Baba yake alitoka magharibi kuja kukata mkonge, akafia huku kwenye shamba la mkonge. Bosi alinisikiliza huku akiikunja ile barua, akaikunja tena. "Siku tunamtoa mzee," alisema, "mashine ya mkonge haikusimama. Tuliimba, lakini hatukusikika." Kisha akaniambia ninunue betri ya friji ya Chawia. "Hiyo ingine, kompyuta, mwache azime."

Usiku ule sikulala kabla sijavirudia visanduku vyote. Nilifuta uzembe, nikaandika mwalimu wa nasari, nikaandika fundi viatu, nikaandika mzee na bibi yake.

Mwaka uliofuata mama yangu alifariki. Tulimtoa mochari ya Voi Jumamosi asubuhi, tumpeleke Chawia, nami nilikaa mbele, kando ya dereva. Tulipoingia barabara ya mjini simu ilitetemeka. Voi haijibu. Kabla sijaifunga, Sagalla haijibu. Marungu haijibu. Chawia haijibu. Haikuwahi kutokea kwamba vitone vyote vinne vinazimika kwa pamoja. Aibu kuyasema, lakini mama yangu yuko nyuma yangu ndani ya jeneza, na mimi nilianza kukasirikia mtandao.

Kisha nikainua macho. Mlango wa duka letu ulikuwa umefungwa nusu. Bosi alikuwa amesimama nje, kofia mkononi, na wafanyakazi wote nyuma yake. Ndani kulikuwa giza. Marungu na Sagalla, ambako jeneza halingepita kabisa, walikuwa wamepigiwa simu wazime dakika hiyo hiyo. Nililia mpaka Mwatate, nikiishika simu isiyo na kitone cha kijani hata kimoja.

Matanga yalipokwisha nilirudi kazini, nikafungua skrini ili nijaze sababu. Vitone vinne vyekundu vilikuwa vimepangana, vya dakika ile ile. Visanduku vyake vilikuwa vimeshajazwa. Bosi alikuwa hajawahi kugusa kompyuta zile. Hata kwenye simu huandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi. Alikuwa ameandika mara nne, bila kufupisha: Mama wa injinia wetu anapita.