Chumba cha Mavyaa Kilipofunuliwa Dari

Siku ya kufunua dari walikuwapo hawa: mimi; mume wangu; mavyaa wangu, yaani mamake mume wangu, mwenye chumba chake; shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, mpakuzi wa boriti Bandari ya Kale tangu ndevu hazijamtoka; fundi wa chokaa, mtoto wa dadake mavyaa; na jirani yetu wa mlango wa pili, ambaye mavyaa alimnyonyesha pamoja na mume wangu, kwa hivyo ni dada yetu. Majina yao yote ninayo, hata la paka. Siyaandiki, wana watoto wao.

Ilikuwa miaka ya tisini, katikati. Boriti za chumba cha mavyaa, ile miti ya mikoko inayobeba dari ya mawe na chokaa, zilikuwa zimeoza kwa mvua, mchanga ukimwangukia kitandani. Mikoko ya kwetu ilikuwa imekatazwa kukatwa, basi shemeji akaagiza ng'ambo, kusini, kwa watu aliowazoea. Habari ikaja kuwa mti umepakiwa. Kwa watu wa bandari wa zamani, mti ukishapakiwa umefika. Siku ileile akamwita fundi, wakaanza kubomoa.

Mavyaa alisimama kizingitini na bakora yake.

"Mwanifukuza nyumbani kwangu na uzima wangu?"

"Mama, mti ushapakiwa," shemeji akamwambia. "Hesabu ushafika."

"Wewe tangu mdogo wahesabu vitu havijaja. Hata mke ulimhesabu hivyohivyo."

Tulicheka wote, na shemeji pia. Jirani akamshika mkono. "Njoo kwangu, mama. Nami nipate wa kusengenya naye."

"Naja. Lakini sikilizeni. Mlango nilioingilia biarusi ndio nitakaotokea. Msije mkanitoa kwa watu."

"Kwangu ndio kwa watu?" jirani akasema, naye mavyaa akambusu kipaji cha uso.

Mti haukufika. Mume wangu alikwenda ofisi ya misitu, akakuta kijana mwenye adabu. "Mzee wangu," akamwambia, "nchi zetu mbili zimepatana. Mti hauvuki bila kibali cha kule na cha huku, ukaguliwe umekatwa wapi. Mikoko ikiisha, samaki na kamba watazalia wapi?" Mume wangu alirudi hana hasira. Jioni ile nilikuwa nimepika kamba wa nazi. Tukala. Nilijua kijana yule amesema kweli, na nikajua chumba cha mavyaa kiko wazi mbingu zote zaonekana.

Mbao nyingine hazikufaa. Fundi alizipima, akazirudisha. Kuta zile zilijengwa kwa kipimo cha boriti na uzito wake. Shemeji akawa haji tena kula kwetu. Akitoka bandarini akenda kuketi uwanjani Makadara mpaka giza, akiona haya kupita mbele ya mamake. Mavyaa akimuuliza jirani kila asubuhi, "Wanangu washaezeka?" Jirani akimjibu, "Wamekaribia, mama." Kisha akija jikoni kwangu kulia.

Mavyaa alianza kukataa chakula. Nilimpelekea uji wa mchele, na mikate ya sinia aliyoipenda. Aliionja kwa ajili yangu tu. Akafariki kwa jirani, kabla ya adhuhuri, kichwa chake mapajani mwangu. Mume wangu alitaka tumlaze kwetu japo saa moja, aoshwe pale. Ukumbi ulikuwa umejaa mawe ya dari, jeneza lisingepita. Tukamwosha kwa jirani, mimi na yeye, na wanaume wakamtoa kwa mlango wa jirani.

Boriti zilikuja baadaye na vibali vyake vyote. Shemeji alizibeba mwenyewe begani, hakukubali kusaidiwa.

Kuna jambo moja sina hakika nalo. Siku ile ya mazishi sisi wanawake tulibaki ndani, na kwa dirisha la jirani mlango wetu hauonekani, ukuta umepinda. Nilisikia sauti za wabebaji zikinyamaza kidogo kule nje, kisha zikaendelea. Nami miaka yote nimejiambia kuwa walisimama naye mbele ya mlango wake. Mume wangu hakuniambia, nami sikumuuliza, naye sasa hayupo. Kama wewe usomaye ulikuwa miongoni mwa waliombeba, nawe wajua kuwa hawakusimama, nisahihishe. Niambie polepole tu.