Kofia Wakati wa Sala

Kofia hii inanuka vumbi la mbao, jasho na moshi wa kuni za mkaratusi. Mvua ikikaribia na hewa ikawa nzito, harufu hiyo hushuka kutoka kwenye msumari nilipoitundika, nami huacha nilichokuwa nikifanya. Ni kofia ya pama, rangi ya udongo, ukingo wake umelegea upande mmoja. Ilikuwa ya baba mdogo, ndugu wa baba yangu. Mimi siandiki haraka, maana shule yangu iliishia darasa la nane, lakini habari ya kofia hii nataka niiseme yote, kwa hiyo nivumilieni.

Katika miaka ya hamsini baba mdogo alikuwa seremala kwenye shamba la mzungu, nje kidogo ya Kitale. Baba na nyanya yangu walikaa Bungoma, upande wa Kibabii. Nilipelekwa kwa baba mdogo kwa sababu shule ya huko ilifika darasa la nane, na mwisho wa darasa hilo palikuwa na mtihani wa kuingia sekondari. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuufanya. Nilikuwa mtoto wa haya. Mgeni akinisalimia, nilivijibu vidole vya miguu yangu. Sasa mtoto huyo ndiye aliyetazamwa na ukoo mzima.

Nyanya, ambaye kwetu tunamwita kukhu, hakujua kusoma hata herufi moja, lakini aliheshimu kusoma kama wengine wanavyoheshimu radi. Nikifungua kitabu karibu na moto wake, alifukuza kuku nje. Mtu akiniita uani, alijibu yeye: "Mwacheni! Ukimwita mtu katikati ya mstari, maneno yatamwagika." Nilikuwa nikicheka, lakini moyoni nilipenda. Likizo ya Agosti nilimwacha akikohoa. Alisema ni moshi tu.

Jumatano ya wiki iliyotangulia mtihani, mtu alikuja asubuhi kwa baiskeli, matope yamempanda mpaka magotini. Akazungumza na baba mdogo nyuma ya karakana, sauti za chini. Baba mdogo akaingia ndani, akatuambia anakwenda Bungoma kutafuta mbao. Mbao! Mtu anayeishi Kitale, ambako mbao zililundikwa mpaka mbwa walizaa chini yake, aende Bungoma kutafuta mbao? Hapo ndipo nilipoanza kuwatilia shaka wakubwa.

Alirudi Jumapili mchana, siku ya tano, bila ubao hata mmoja. Alikuwa amemshika kuku miguu, na kichwani amevaa kofia hii. Kofia yenyewe si ajabu, aliivaa kila siku kazini. Ajabu ni kwamba aliingia nayo ndani ya nyumba, akaketi nayo mezani, akanywa chai nayo.

"Baba, si utoe kofia?" akauliza Nasimiyu, binti yake wa miaka saba, ambaye hakuna swali lililowahi kumshinda kulitoa mdomoni.

"Kichwa kinaniuma."

"Kofia ndiyo dawa?"

"Nasimiyu!" mama mdogo, mke wa baba mdogo, akamkemea. "Nenda ulete maji, bana."

Jioni yule kuku alipikwa. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Mtoto akiigusa anachapwa, na watu wazima wameachana kwa sababu ya firigisi iliyopotea chunguni. Basi mama mdogo akaichota ile firigisi, akaiweka katika sahani yangu. Nikamtazama baba mdogo. Naye akatazama ukuta.

"Ati yeye amepewa firigisi!" Nasimiyu akapiga kelele. "Mama, umekosea sahani!"

"Sijakosea. Kula, Wafula. Si kesho ni mtihani?"

Nasimiyu alipewa miguu ya kuku, fungu la watoto. Alipoinua mmoja kuufyonza, niliona kidole cha nje kimekatwa, na kovu lake ni la zamani. Nilikijua kidole hicho. Kukhu aliwakata vifaranga wake kidole kile cha mguu wa kushoto, ili jirani asije akasema ni wa kwake. Na huyu alikuwa kuku wake wa kutaga, ambaye hakumchinjia hata padri.

"Kuku huyu ametoka wapi?" nikauliza, na sauti yangu ilinishtua mwenyewe.

"Sokoni," akasema mama mdogo, haraka mno.

Wakati wa sala ya kushukuru, baba mdogo alikumbuka kwamba hajafunga banda, akatoka. Mzee wa kanisa! Mtu ambaye akituombesha, alimpiga kofi mtoto yeyote aliyefumbua macho kabla ya amina. Mama mdogo ndiye aliyeomba, akakwama mara mbili.

Nikaanza kujumlisha mambo. Baba alikuwa na binamu kule Lwakhakha, mwenye ng'ombe wengi na watoto wachache, ambaye kila mwaka aliniomba niwe mchungaji wake. Nikaamua kwamba wameshapatana kunitoa shuleni. Firigisi ilikuwa ya kuniaga. Kuku wa kukhu alikuwa wa kumtuliza baba mdogo. Na baba mdogo, aliyetaka nisome, alipigana na baba yangu, akapasuliwa kichwa, ndiyo maana anaficha jeraha. Mnaona jinsi akili ya mtoto ilivyo fundi hodari: hupima vizuri, halafu hukata ubao usiohusika.

Asubuhi ya mtihani niliamua kumtega baba mdogo. Nilimkuta mlangoni, ukungu bado umelalia mahindi makavu, nikamwambia, "Baba, niombee kabla sijaenda."

Mtu mzima hawezi kumnyima mtoto sala siku kama ile, na mzee wa kanisa hawezi kusimama mbele ya Mungu na kofia kichwani. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mwizi.

"Fumba macho," akasema.

Nikayafumba. Nikasikia kofia ikitoka. Akaanza, "Baba yetu wa mbinguni, mtazame mtoto wetu huyu," nami nikafumbua macho.

Hapakuwa na jeraha. Kichwa kilikuwa kimenyolewa kwa wembe, cheupe, kinang'aa kwa baridi. Kwetu, mtu akizikwa, siku ya tatu jamaa zake hunyolewa. Hakuna mtoto wa Bungoma asiyejua maana ya kichwa kile. Kuku, firigisi, mbao, vyote vilisimama mahali pake mara moja, na katikati palikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu.

Nilitazama mpaka amina, kisha nikafumba haraka. Nilipofumbua, kofia ilikuwa imerudi kichwani.

"Nenda, mwanangu. Usiogope."

"Siogopi, baba."

Nilikwenda. Nikasoma swali la kwanza, nikafika katikati ya mstari, maneno yakamwagika. Siku mbili niliandika, lakini hata leo siwezi kukumbuka nilichoandika.

Jumanne jioni baba mdogo aliniketisha kwenye benchi la karakana, akavua kofia, akaniambia kwamba kukhu ametuacha. Kabla hajafa aliagiza mambo matatu: Wafula asiitwe mpaka amalize, achinjiwe yule kuku wa kutaga, na firigisi iwe yake. Baba mdogo alilia kama mtu aliyekuwa amebeba gogo kwa wiki nzima. Mimi nikalia pia, na nikajifanya ndiyo kwanza nasikia.

Majibu yalipokuja, jina langu halikuwamo. Baba alisema mbele ya wazee, "Tulikuficha hata msiba ili utulie, na bado umeanguka!" Nilitazama vidole vya miguu. Ningefungua mdomo, ningemfanya baba mdogo kuwa mtu aliyevunja agizo la mwisho la mama yake. Nikakubali kuitwa mzito wa akili. Nikarudi Kitale, nikajifunza useremala kwake. Tulipiga randa pamoja miaka mingi, hatukuwahi kuitaja asubuhi ile.

Baba mdogo alikufa, mama mdogo akaniletea kofia. Na juzi hapa, nikiombea chakula, nilimpiga kofi mjukuu wangu aliyefumbua macho. Mtoto akashika shavu, akauliza, "Kuka," yaani babu, "umenionaje na wewe umefumba?"

Jicho langu moja lilikuwa wazi. Siku zote baba mdogo alitukamata, maana aliomba jicho moja likiwa wazi. Na asubuhi ile ya mtihani nilimtazama kichwa tangu "Baba yetu" mpaka "amina," na hakunipiga kofi.