Niliyemtaja Kwenye Mafunzo ya Nyumba

Jumamosi saa tatu asubuhi, Mama alinipeleka mtaa wa Tanambao kwenye mafunzo ya wanaonunua nyumba kwa mara ya kwanza. Kwetu Wangazija binti hutafutiwa nyumba, aolewe humo, basi akanisukuma mbele.

Mshauri alisema tusichague vyumba kabla ya kujua watakaolala humo.

"Wewe utaishi na nani?" akaniuliza.

Alitarajia niseme wazazi na wadogo zangu. Mimi, nisiyethubutu hata kumsalimia njiani kijana ninayempenda, nikajibu, "Na Saidi, inshallah."

Nyuma yangu mtu akacheka. Mama yake Saidi!

"Mkwe wangu, mwanangu ana habari?"

Kesho yake asubuhi nilitumwa mkate dukani kwa mama huyo. Nikaenda nimejitanda shiromani, shuka letu la kujifunika, hadi puani, asinitambue.

"Mkwe, mkate wa watu wangapi?" akaniuliza.

Nikakimbia bila mkate.