Feni ya Gari la Bibi Harusi

Gari la marehemu baba lilikuwa na ugonjwa mmoja tu: halikutaka kwenda polepole. Likishika kasi, upepo unapoza rejeta, hakuna shida. Likiingia kwenye foleni, feni haizunguki na mshale wa joto unapanda. Na bibi harusi, jamani, haendeshwi mbio. Akina mama wa kanisa hutangulia wakicheza, kutoka mlangoni petu hapa Jericho hadi kwenye lami, na gari huwafuata mguu kwa mguu.

Mdogo wangu, bibi harusi mwenyewe, alikuwa amesema mara moja, hakurudia: kwa kuwa baba hayupo wa kumtoa, atatoka nyumbani ndani ya gari la baba. Bwana harusi, kwa wema wake, alituma gari lingine, kubwa, jeupe, likae tayari. Mimi dada mkubwa nikaapa kwamba hilo jeupe litabeba keki.

Asubuhi ya harusi, nywele zimeshasukwa, leso kiunoni, nikafungua boneti. Wiki nzima makanika alikuwa akiniambia "kesho", na kesho zilikuwa zimeisha. Jirani akapita na kikombe chake cha chai.

"Sista, toa thamostati tu, maji ya rejeta yazunguke bila kuzuiwa. Hiyo feni utaisahau."

"Wewe ukiumwa jino hutolewa figo?"

Akaenda zake. Nilikuwa nimekasirika, na nikikasirika mikono yangu hutulia. Injini ilikuwa baridi. Nikachomoa plagi ya feni, nikaiunga kwenye betri kwa nyaya mbili. Ikazunguka vizuri, kwa hivyo feni haikuwa mbovu. Fyuzi yake nikaitazama juani, haikuwa imeungua. Ikabaki relei, kile kidude cheusi kinachoipa feni umeme injini ikipata moto. Kando yake palikuwa na relei ya honi, sura moja, miguu ileile minne. Nikazibadilisha. Nikawasha gari nikasubiri, macho kwenye mshale. Ulipofika katikati, feni ikavuma. Nililia kidogo, sioni haya kusema.

Kisha nikabonyeza honi. Kimya.

Relei nzima ilikuwa moja, kazi zilikuwa mbili. Maduka ya spea hayakuwa yamefunguliwa, na akina mama walishaanza kuimba nje. Msafara wa harusi bila honi mtaani kwetu ni aibu. Tena ilikuwa honi ya baba, aliyoipiga kila jioni pale kona ya kinyozi ili mama aanze kupasha chakula. Iliniuma kweli. Lakini honi haiwezi kumfikisha mtu kanisani. Nikafunga boneti.

Dereva wa lile jeupe akaniuliza kwa heshima kama alisogeze mlangoni.

"Pakia keki," nikamwambia.

Mama alikuwa ameketi nyuma na bibi harusi. Nikawaeleza kwamba tutaenda kimyakimya. Mdogo wangu akainamisha kichwa.

Tukatoka. Akina mama walicheza bila haraka yoyote, wakisimama, wakirudi nyuma, wakizunguka, nami nikiwafuata huku nikiusikiliza mvumo wa feni. Mshale haukupita katikati. Tulipofika kona ya kinyozi, mama akashusha kioo, akatoa kichwa nje na kofia yake yote, akapiga kigelegele kirefu mpaka kinyozi akatoka na mashine mkononi.

Mama akarudi ndani, akajifuta macho, akaniambia, "Endesha. Baba yenu amefika."